Akiba ya Maji Ndani ya Zege: Mkonge, Jivu la Pumba na Ukomazaji wa Ndani

Zege halipati ugumu wake kwa kukauka. Hulipata kwa saruji kula maji: punje za saruji humenyuka na maji na kuzaa madini mapya yanayoshikamanisha mchanga na kokoto. Maji yakiisha kabla mmenyuko haujakamilika, ugumu huishia pale ulipofika. Ndiyo maana fundi humwagilia jamvi asubuhi na jioni, hulizungushia tuta la mchanga na kulijaza maji juu, au hufunika nguzo kwa magunia yaliyoloweshwa, kwa siku 7 au zaidi. Ukomazaji wa ndani hufuata njia nyingine. Maji ya akiba huingizwa katika zege siku ileile linapochanganywa, yakiwa yamebebwa na kitu chenye vinyweleo, na kitu hicho huyaachia polepole kadiri saruji inavyoyahitaji.

Mimea ina sifa zote za kubeba maji hayo. Nyuzi zake ni mirija, jivu lake limejaa matundu, na utomvu wa baadhi yake huvimba unapolowa. Nyuzi za mkonge, massa ya karatasi, jivu la pumba za mpunga, mkaa uliosagwa na jeli za mwani zote zimejaribiwa maabara, na hamu ya kuzitumia ni kubwa kwa sababu vibebeo vya kawaida vya maji haya ni kokoto nyepesi zilizochomwa tanuruni au polima zitokanazo na mafuta ya petroli. Lakini majaribio hayo yanafundisha jambo ambalo hupotea kirahisi katika shauku hiyo: uwezo wa mmea kunywa maji mengi hausemi chochote kuhusu saa ambayo utayatoa, na saa hiyo ndiyo inayoamua kila kitu.

Kiasi cha maji kinachohitajika kilipatiwa hesabu yake katika miaka ya 1940, pale T. C. Powers na wenzake walipochunguza saruji iliyoganda katika maabara za chama cha watengeneza saruji ya Portland nchini Marekani. Kila gramu ya saruji hufunga kikemia takriban gramu 0.23 za maji, na gramu nyingine 0.19 hivi hunaswa ndani ya jeli inayozaliwa. Jumla yake ni 0.42. Zege lenye uwiano wa maji kwa saruji ulio chini ya hapo, likiwa limefungwa lisipate tone kutoka nje, haliwezi kumaliza saruji yake yote. Zaidi ya hilo, madini mapya huchukua nafasi ndogo kuliko saruji na maji yaliyoyazaa. Gramu 100 za saruji zikimenyuka kikamilifu, karibu mililita 6.4 za nafasi hubaki tupu. Katika zege lenye maji machache nafasi hizo hujaa mvuke, maji yaliyosalia huvuta kuta za vinyweleo vilivyoyashika, na zege hunywea lenyewe ingawa halijapoteza kitu hewani. Likiwa limeshikwa na nondo au na sehemu iliyokwisha kukaza, hupasuka.

Kumwagilia kwa nje hakuponyi hali hiyo. Mwaka 1959 Powers, Copeland na Mann walionyesha jinsi njia za maji zinavyozibika kadiri saruji inavyoendelea kumenyuka. Kwa uwiano wa 0.40 vinyweleo vya zege hukatika mawasiliano baada ya siku 3 hivi, kwa 0.50 baada ya siku 14, kwa 0.60 baada ya miezi 6, na kwa 0.70 baada ya mwaka mzima. Zege imara la nguzo ya ghorofa au la daraja, ambalo kwa kawaida huchanganywa kwa uwiano wa 0.40 au chini yake, hufunga milango yake ndani ya siku chache. Maji yakimwagwa juu baada ya hapo, huishia milimita chache tu kutoka usoni huku kiini kikibaki na kiu.

Wazo la kuweka akiba ndani lilitokea kwa kuchunguza jambo ambalo halikukusudiwa. Mwaka 1957 Paul Klieger aliona kwamba kokoto nyepesi hufyonza maji mengi wakati wa kuchanganya, na kwamba maji hayo yanaweza kuhamia kwenye saruji baadaye. Mwaka 1991 Robert Philleo alipendekeza jambo hilo lifanywe makusudi, kwa kubadilisha sehemu ya mchanga na kokoto nyepesi laini zilizoshiba maji. Dale Bentz na Kenneth Snyder, wa taasisi ya taifa ya viwango na teknolojia ya Marekani, waliipa fikra hiyo umbo la hesabu mwaka 1999. Kanuni yao ni nyepesi: maji ya akiba yalingane na nafasi tupu itakayozaliwa. Uzito wa saruji huzidishwa kwa mnyweo wa kikemia na kwa sehemu ya saruji inayotarajiwa kumenyuka, kisha jibu hugawanywa kwa kiasi cha maji ambacho kibebeo kinaweza kukishika na kukiachia.

Hesabu hiyo ikifanywa kwa mchanganyiko mmoja, tofauti za vibebeo hujitokeza mara moja. Chukua zege lenye kilo 450 za saruji kwa mita moja ya ujazo na uwiano wa 0.32. Maji ya kuchanganyia ni lita 144. Sehemu ya saruji inayoweza kumenyuka ni 0.32 kugawanya kwa 0.36 (ile 0.42 ikiondolewa 0.064 hivi zinazotoka kwenye akiba), yaani asilimia 89 hivi, na akiba inayotakiwa ni lita 26. Kokoto nyepesi zinazoshika maji kwa asilimia 20 ya uzito wake zitahitajika kilo 130. Polima ya kufyonza maji, ambayo ndani ya umajimaji wa saruji hubeba takriban mara 12 ya uzito wake, itahitajika kilo 2 na kidogo. Nyuzi za mkonge zikichukuliwa kuwa zinabeba lita 1.2 kwa kilo, zitahitajika karibu kilo 22. Jivu la pumba likiwekwa kwa asilimia 10 ya saruji, yaani kilo 45, kila kilo italazimika kubeba karibu lita 0.6.

Kilo 22 za mkonge katika mita moja ya ujazo wa zege ni nyingi mno. Nyuzi zenyewe huchukua zaidi ya asilimia 1.5 ya ujazo hata kabla ya kuhesabu maji yake, na zege lenye kokoto huanza kushikana mabonge mapema kabla ya kufika hapo. Kuzikata fupi, chini ya milimita 10, husaidia zisisokotane, na hapo mabaki ya viwanda yanafaa kuliko mkonge wa daraja la kwanza. Katika mashamba ya Tanga na Kilosa jani la mkonge hupitishwa kwenye korona, mashine inayokwangua nyama ya jani na kuacha nyuzi. Nyuzi ni asilimia chache tu ya uzito wa jani bichi. Nyuzi fupi zinazokatika huondoka na maji ya kusafishia, na nyingine huanguka wakati wa kupiga brashi. Hizo hazifai kamba wala magunia, lakini kwa kazi ya kubeba maji ufupi wake ni faida.

Ukitazamwa kwa hadubini, unyuzi mmoja wa mkonge ni fungu la makumi ya seli ndefu zilizogandishwa pamoja kwa lignini na hemiselulosi, na kila seli ina mrija katikati wenye upana wa takriban mikromita 10. Maji hukaa katika mirija hiyo na pia ndani ya kuta za seli. Hapa ndipo fizikia ya vinyweleo inapokuwa na neno la mwisho. Kinyweleo kikubwa huachia maji yake kwanza, kidogo hung'ang'ania. Kinyweleo chenye nusu kipenyo cha nanomita 50 huanza kutoa maji pale unyevu wa ndani ya zege unaposhuka hadi asilimia 98. Chenye nanomita 10 husubiri mpaka asilimia 90. Mrija wa mkonge ni mkubwa kuliko vyote hivyo kwa mamia ya mara, hivyo humwaga maji yake karibu mara tu saruji inapoanza kuvuta. Baadhi ya maji yanaweza hata kutoka kabla zege halijakaza, na maji ya namna hiyo si akiba tena. Yameongezwa kwenye maji ya kuchanganyia, uwiano umepanda, na nguvu ya zege imepungua. Maji yaliyo katika kuta za seli hutoka baadaye, lakini ni machache zaidi.

Massa ya karatasi huepuka tatizo la mabonge kwa kiasi kikubwa. Watafiti wa chuo cha Georgia Tech huko Atlanta, akiwamo Kimberly Kurtis, walijaribu massa ya mbao na ya mikalitusi katika uji wa saruji na kuona mnyweo wa ndani ukipungua. Unyuzi wa mkalitusi ni mfupi, chini ya milimita 1 hivi, na husambaa vizuri. Usambaaji huo una uzito wake, kwa sababu maji hayasafiri mbali. Katika siku ya kwanza, saruji ikiwa bado na njia wazi, yanaweza kuvuka milimita kadhaa; baadaye hukwama katika sehemu ndogo ya milimita. Akiba ndogondogo zilizotapakaa kila mahali hulinda zege kuliko akiba kubwa chache.

Kasoro iliyowahi kuuangusha mkonge katika ujenzi hugeuka kuwa jambo dogo katika kazi hii. Katika miaka ya 1970 na 1980 nyuzi za mkonge zilitumiwa kuimarisha vigae na mabati ya saruji, na baada ya miaka michache vikawa vinavunjika kirahisi. Hans-Erik Gram alieleza sababu katika utafiti uliochapishwa Stockholm mwaka 1983: maji yaliyomo katika vinyweleo vya zege yana alikali kali, na alikali hiyo huyeyusha lignini na hemiselulosi zinazounganisha seli, hadi unyuzi unabaki vipande vifupi visivyo na nguvu. Nchini Brazil, Romildo Toledo Filho na wenzake walipunguza uharibifu huo kwa kubadilisha nusu ya saruji na udongo uliochomwa, ambao hula haidroksaidi ya kalisi inayoleta alikali. Kwa ukomazaji wa ndani, hata hivyo, unyuzi unatakiwa uishi wiki chache tu, mpaka uwe umetoa maji yake. Ukioza baadaye huacha tundu dogo. Nguvu hupungua kidogo kwa sababu ya matundu hayo, na upungufu huo lazima uingie katika usanifu, lakini hakuna kinachoporomoka. Kuna tofauti nyingine ya kuangaliwa: watafiti wanaotaka mkonge wa kuimarisha zege huulowesha na kuukausha mara nyingi ili usivimbe na usinywe maji mengi. Tiba hiyo inaua sifa ileile ambayo ukomazaji wa ndani unaihitaji, kwa hiyo matokeo ya uwanja mmoja hayawezi kuhamishiwa mwingine bila kuangalia nyuzi ziliandaliwaje.

Jivu la pumba za mpunga ndilo lililofika mbali zaidi. Mpunga ukikobolewa, takriban moja ya tano ya uzito wake ni pumba. Pumba zikichomwa, takriban moja ya tano yake hubaki jivu. Tani moja ya mpunga hutoa basi kilo 40 hivi za jivu, na asilimia 85 hadi 95 ya jivu hilo ni silika. Mpunga huivuta silika kutoka udongoni na kuiweka katika ganda la punje, na moto ukila sehemu inayoungua hubaki mifupa ya silika yenye matundu tele. Moto wenyewe unahitaji kudhibitiwa. Kati ya nyuzijoto 500 na 700 silika hubaki bila mpangilio wa fuwele na huweza kumenyuka na haidroksaidi ya kalisi. Ikizidi 800 hivi huanza kuwa fuwele na kupoa kikemia. Jivu linalobaki jeusi lina kaboni nyingi ambayo hunywa kemikali za kulainisha zege. Majivu ya tanuri za matofali zinazochomwa kwa pumba, kama yanavyoonekana Morogoro na Mbeya, hupitia joto lisilo sawa katika tanuri moja, na hayawezi kutumika kabla ya kupimwa.

Uchunguzi wa wazi kabisa kuhusu jivu hili ulifanyika katika Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Delft, Uholanzi, ambako mtafiti kutoka Vietnam, Nguyen Van Tuan, akiwa na Guang Ye na Klaas van Breugel, alichapisha matokeo mwaka 2011. Walitengeneza zege lenye nguvu ya juu kupita kiasi, aina ambayo kwa kawaida hutegemea mafusho ya tanuri za silikoni, yaani vumbi laini la silika. Walilisaga jivu la pumba hadi ukubwa wa wastani wa mikromita 3.6 hadi 9, na zege likapata nguvu ya mgandamizo iliyozidi megapaskali 150 kwa ukomazaji wa kawaida bila kupikwa kwa mvuke. Mchanganyiko uliokuwa na asilimia 10 ya jivu na asilimia 10 ya vumbi la silika ndio uliofanya vizuri zaidi.

Maelezo yao ndiyo yenye thamani kubwa hapa. Punje ya vumbi la silika ni tufe dogo lisilo na tundu. Punje ya jivu, hata ikisagwa, bado ina matundu. Wakati wa kuchanganya matundu hayo hufyonza sehemu ya maji. Saruji inapoendelea kumenyuka na unyevu wa ndani kushuka, maji hayo hurudi, na kiwango cha saruji iliyomenyuka katika siku za baadaye huwa kikubwa kuliko bila jivu. Matundu ya jivu ni madogo kuliko mirija ya mkonge, mengine ya nanomita chache tu, na hivyo hutoa maji yake kwa kuchelewa, pale hasa mkonge unapokuwa umekwisha kukauka. Baada ya kutoa maji, mwili wa jivu wenyewe humenyuka na kuwa sehemu ya gundi. Kibebeo kinachobeba maji, kuyaachia kwa wakati, na kisha kuongeza nguvu badala ya kuacha tundu ni adimu. Usagaji ndio unaohitaji uangalifu: jivu likisagwa kupita kiasi, matundu yanavunjwavunjwa na akiba inapotea, ingawa umenyukaji wake wa kikemia unakuwa wa haraka zaidi.

Mkaa wa mimea uliosagwa hubeba maji kwa namna inayokaribiana na jivu na pia hufungia kaboni ndani ya zege, lakini haumenyuki, hivyo kipimo chake huwekwa kidogo.

Jeli za mimea ni kundi jingine. Wanga wa muhogo na selulosi vinaweza kubadilishwa kikemia na kuwa polima za kufyonza maji, mbadala wa zile za petroli. Mwani wa kahawia hutoa alginati. Mwani unaolimwa Zanzibar tangu mwaka 1989 hutoa karajinani, ambayo ni jeli tofauti. Zote hukutana na kikwazo kimoja. Umajimaji wa saruji umejaa kalisi na chumvi nyingine, na chumvi hizo huzuia jeli kuvimba. Polima inayobeba mamia ya mara ya uzito wake katika maji safi hubaki na mara 10 au 20 tu ndani ya zege. Alginati huathirika zaidi, kwa kuwa kalisi huifunga na kuikaza. Kwa hiyo takwimu ya ufyonzaji iliyopimwa katika maji ya bomba haina maana kwa zege. Kipimo kinachofaa ni rahisi: saruji huchanganywa na maji mengi, umajimaji wake huchujwa, unga wa jeli hutiwa katika mfuko wa majani ya chai na kutumbukizwa humo, kisha mfuko hupimwa uzito baada ya dakika, saa na siku.

Sukari ni hatari inayovizia karibu kila kitu kinachotoka shambani. Sukari ya asilimia 0.1 tu ya uzito wa saruji inaweza kuchelewesha kukaza kwa saa nyingi, na hemiselulosi inayovunjwa na alikali huzaa vitu vya jamii hiyo. Makapi ya miwa yaliyotoka kiwandani yana sukari iliyobaki, na nyuzi za mkonge zisizooshwa vizuri zina utomvu wa jani. Kuchemsha katika maji au kuloweka katika maji ya chokaa, kisha kuosha mpaka maji yatoke meupe, huondoa sehemu kubwa. Jaribio la saa ya kukaza lifanywe kila mzigo mpya unapofika, maana utomvu hutofautiana kwa shamba na kwa msimu.

Maandishi mengi kuhusu dondoo za mimea, hasa juisi za mchicha, za dungusi na za bamia, hudai ukomazaji wa ndani kwa ushahidi wa kipimo kimoja: nguvu ya mgandamizo siku ya 28. Ushahidi huo hautoshi. Nguvu inaweza kupanda kwa sababu ute umepunguza uvukizaji usoni, au umelainisha mchanganyiko ukashindiliwa vizuri, au umeingiza kemikali nyingine. Ukomazaji wa ndani huthibitishwa kwa zege lililofungwa lisipumue, huku unyevu wake wa ndani na mnyweo wake vikipimwa tangu saa ya kukaza, kwa mfano katika mirija ya plastiki yenye mikunjo inayoruhusu urefu kubadilika. Bentz na wenzake walikwenda mbali zaidi, wakatazama kwa eksirei jinsi maji yanavyotoka ndani ya kokoto nyepesi. Dondoo isiyopita katika vipimo vya namna hiyo inaweza kuwa na faida yake, lakini faida hiyo bado haijaitwa kwa jina lake.

Katika kuchanganya, kibebeo hulowekwa kwanza, mara nyingi kwa saa 24, kisha hukamuliwa au kuzungushwa hadi uso wake uwe mkavu na ndani kuwe kumeshiba. Huingia katika mashine pamoja na mchanga, kokoto na sehemu ya maji, na saruji hufuata. Kikiingia kikavu hunyang'anya maji ya kuchanganyia ndani ya dakika chache, zege huwa zito, na mtu mwenye ndoo huongeza maji. Maji yaliyoongezwa kwa jicho hufuta faida yote. Lita za akiba ziandikwe katika safu yake pekee, kando na maji ya kuchanganyia, na uzito wa kibebeo kilicholowa upimwe kila asubuhi.

Zege la nyumba ya kawaida lenye uwiano wa 0.60 lina maji ya kutosha ndani yake. Tatizo lake ni jua na upepo vinavyoyavuta kupitia usoni, na kwa hilo kufunika na kumwagilia kunabaki kuwa njia nafuu na ya uhakika. Ukomazaji wa ndani unalipa katika zege lenye saruji nyingi na maji machache: sakafu za madaraja, nguzo za majengo marefu, matangi, vipande vinavyotengenezwa viwandani. Kokoto nyepesi tayari zimetumika hivyo katika sakafu za madaraja ya majimbo ya New York na Indiana, na tangu mwaka 2012 zina kiwango chake rasmi cha Marekani, ASTM C1761, kinachoeleza ni maji kiasi gani zishike na ni kiasi gani ziyatoe unyevu unaposhuka. Kipimo cha pili kati ya hivyo viwili, kile cha maji yanayotolewa, ndicho ambacho kila mzigo wa nyuzi, jivu au jeli ya mimea unapaswa kupitishwa kabla ya kukabidhiwa kwa mhandisi wa daraja.